Jumamosi ya Mbambu

Wanangu mnaoanza ualimu, mkiwafundisha watoto wadogo ishara ya msalaba, wapeni mgongo. Msicheke, ni jambo la kazi. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama mbele yao nikiwatazama usoni, nikafanya ishara kwa mkono wa kulia kama Mkristo yeyote, na wao wakanifuata kama kioo. Jumapili Padri akaona darasa la kwanza zima likijiandika msalaba kwa mkono wa kushoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyeninusuru ni Mwalimu Gaspari, mwalimu mkuu wetu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeacha seminari lakini seminari haikumwacha. Hata kalamu zake alizipanga mezani kwa urefu. Hakunigombeza. Aliingia darasani, akawapa watoto mgongo, akainua mkono polepole, na wote wakapatia. Kisha akaniambia, "Endelea, Mwalimu Biira," akaenda kunywa chai yake.

Shule yetu ilikuwa upande wa Bwera, si mbali na mpaka wa Uganda na Kongo. Nilianza kufundisha pale miaka ya sitini, bendera ya uhuru ingali mpya, nikaendelea hadi miaka ya sabini ilipokwisha. Madawati yangu yalikaliwa na watoto wa Bakonzo wa milimani, watoto wa wavuvi wa ziwani, watoto wa wafanyakazi wa migodini, na watoto wa wakimbizi waliovuka mto kutoka Beni na Butembo. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake. Kiswahili hiki cha sokoni ndicho kilichotuunganisha, ndiyo maana nawaandikia kwa hicho, na anayetaka sarufi nzuri aende pwani.

Mnaniuliza sana tulifundisha maadili katika kipindi gani. Hapakuwa na kipindi. Kulikuwa na katekisimu, kulikuwa na sala ya saa sita kengele ikigongwa, na kulikuwa na jembe. Haya mengine mtoto aliyaokota kwa kututazama sisi, na hapo ndipo penye kazi, maana mtoto haokoti yale tu unayotaka aokote.

Chukueni habari ya Papa Anzelmi; kwa watu wa Kongo, papa ni baba. Huyu alikuwa katekista wetu, fundi cherehani kutoka Butembo, aliyekimbia vita vya kwao na mkewe na watoto, cherehani ikiwa kichwani. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walipopita msituni walitembea kila siku isipokuwa Jumapili. Jumapili alisimamisha familia yake, wakakaa chini, wakasali rozari, wenzao wakiwaita wendawazimu na kuwatangulia. Kwake Jumapili haikuwa mchezo hata kidogo.

Basi mwaka wake wa kwanza kwetu alipewa watoto wa kuwaandaa kwa kitubio cha kwanza. Mtoto wa umri ule hajui aanzie wapi, kwa hiyo Papa Anzelmi akawatungia mfano: nimeiba sukari ya mama, nimempiga mdogo wangu, nimecheka kanisani. Wakakariri mpaka wakaiva. Siku yenyewe ilipofika, mmoja baada ya mwingine akapiga magoti na kuiba sukari ileile. Padri hatoi siri ya kitubio, na hakuitoa; sisi tuliokaa nje ndio tuliosikia, maana watoto walikuwa wakipaza sauti kama wako darasani. Padri alipotoka alijifuta jasho tu, akamwomba Papa Anzelmi mwaka ujao asitoe mfano. Tangu siku hiyo mimi nami sitoi mfano mmoja. Natoa mitano, tena inayopingana.

Sasa nije kwenye jembe.

Shule ilikuwa na shamba la maharage na karanga kati ya kanisa na barabara, na chakula cha mchana cha watoto kilitoka humo. Kila darasa lilikuwa na kipande chake, na ndani ya kipande kila mtoto alikuwa na mistari yake. Jumamosi asubuhi wote walikuja na majembe. Asiyekuja, Jumatatu alinyoosha kiganja mbele ya Mwalimu Gaspari akala fimbo mbili, awe mtoto wa mwenyekiti au wa mjane. Msimamizi wa shamba nilikuwa mimi. Niliwafundisha kupanda maharage mvua ikishaloanisha udongo kiasi cha kidole kizima, na kupalilia jua likiwa kali ili magugu yafe palepale. Ukipalilia udongo ukiwa na matope, umeyahamisha tu.

Mbambu alitujia darasa la saba. Alitoka mlimani juu ya Kyarumba, kwenye shule ya kanisa lao isiyofika darasa la saba, akawa anakaa kwa shangazi yake karibu nasi. Alikuwa msichana mwembamba, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Watu wa kwao walikuwa Wasabato. Wakati wa sala zetu alisimama na wenzake, mikono ameifunga, midomo haitikisiki, na hakuna aliyemsumbua. Kwenye hesabu aliwaacha wavulana mbali, na hilo liliwasumbua zaidi kuliko dini yake.

Jumamosi ya kwanza hakuja shambani. Jumatatu akala fimbo. Jumamosi ya pili hakuja, akala fimbo. Ikawa hivyo hivyo, hata ikafika mahali Jumatatu anatoka mwenyewe mbele, ananyoosha kiganja kabla hajaitwa, halafu anarudi kukaa na kuandika kwa mkono uleule uliovimba. Niliona uchungu. Nilimwambia Mwalimu Gaspari kwamba mtoto huyu hatabadilika. Akanijibu kwamba sheria ya shule nayo haibadiliki, lakini nilimwona anaizungusha fimbo mkononi kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani.

Akamwita baba yake. Mzee Bwambale alishuka kutoka mlimani kwa miguu, kofia mkononi, mtu wa kahawa na maharage, mpole. Alisema binti yake atafanya kazi yoyote, siku yoyote, ila ile moja. Alisema pia hawalaumu walimu kwa fimbo, kila nyumba ina sheria zake. Ombi lake lilikuwa moja: Mbambu asifukuzwe kabla ya mtihani wa mwisho. Nyumbani kulikuwa na wadogo zake wengi na mikono michache. Mwaka ule alikuwa ameachiliwa asome. Akirudi mlimani bila cheti, angebaki huko kubeba magunia ya kahawa kichwani na kungoja mchumba. Mbambu alikuwa amesimama pembeni akisikia yote. Alitazama chini, na machozi yakamtoka bila sauti.

Hapo Mwalimu Gaspari akafanya hesabu. Alipenda haki iliyonyooka kama kamba ya mwashi. Wenzake wanalima Jumamosi. Yeye Jumamosi ni siku yake ya sala. Kazi ni ileile, mistari ni ileile. Basi alime siku nyingine. Siku za juma darasa la saba walisoma hadi jioni. Imebaki Jumapili. Kwa Mbambu Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu, kwa hiyo alime Jumapili. Mzee Bwambale akashukuru, Mbambu akashukuru, nami nikaona mkuu wetu ana hekima ya Sulemani.

Jamani! Seminari yote ile, na hakuna kati yetu aliyekumbuka shamba liko wapi.

Jumapili watu walishuka kutoka kila kilima kuja Misa. Akina mama na vitambaa vyao vya kichwa, wazee na makoti, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Na barabara inapita kando ya shamba. Humo katikati, katika shamba la shule ya Padri, siku ya Bwana, kengele ikilia, msichana ameinama analima, wala hana haraka. Watu wakasimama. Foleni ikawa ndefu hadi darajani. Wengine walidhani ni kichaa, wengine walidhani ni adhabu, na bibi mmoja akaanza kumwombea kwa sauti.

Papa Anzelmi akapasua katikati ya watu. "Weye mutoto, unalima siku ya Bwana? Nani alikutuma?"

Mbambu akainuka, akapangusa mikono. Hakujua kusema uongo, na sijui angesema upi. Alijibu, "Mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu wakati huo alikuwa ndani ya kanisa anawaongoza waimbaji, hajui hili wala lile. Alipotoka baada ya Misa alikuta watu wanamngoja kama wanavyomngoja mwizi. Wengine walisema amewauza kwa Wasabato. Papa Anzelmi hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba yeye alishika Jumapili msituni, risasi zikilia, na leo amekuja kuiona ikikanyagwa kwenye mlango wa kanisa.

Kamati ya wazazi ikakutana katikati ya juma katika darasa la saba, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Padri alikaa nyuma. Mzee Bwambale aliitwa tena, akasimama ukutani na binti yake. Mwenyekiti, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, alisema kwa kifupi. Matofali ya shule hii waliyafyatua kwa mikono yao. Hawamchukii mtoto. Lakini ama alime Jumamosi kama wenzake, ama aende shule ya watu wake. Watu wakaitikia. Mtihani ulikuwa karibu, na hapakuwa na shule nyingine ambayo ingempokea wakati ule. Hilo kila mtu aliyekaa pale alilijua.

Mwalimu Gaspari akasimama. Niliwahi kumwona akibishana na wakaguzi wa serikali bila kupepesa jicho, ila siku ile sauti yake ilikuwa chini. "Kosa ni langu, si la mtoto. Niliangalia siku yake nikasahau ya kwetu. Kama kuna wa kuondoka, anzeni na mimi."

Hakuna aliyetaka aondoke. Walimtaka aamue. Wakageuka kumtazama Papa Anzelmi, kwa sababu mashtaka yalikuwa yake. Yeye akamgeukia Mbambu, akamwuliza kwa nini hakuja hata Jumamosi moja, aepuke zile fimbo.

Mbambu akasema, "Mungu nilimwahidi Jumamosi. Mwalimu mkuu nilimwahidi kulima. Nataka kutimiza zote mbili, Papa. Sijui nifanyeje."

Papa Anzelmi akasugua uso kwa kiganja. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikikutana na wazee wa Bwera tunakumbushana. "Mimi niko na batoto saba. Bangu napiga fimbo ndiyo baende Misa. Huyu munamupiga asiende kusali, na anaenda. Nilikuja hapa kumufukuza. Sasa naona haya." Akamgeukia mwenyekiti. "Mistari yake nitalima mimi, Jumamosi, na batoto bengine. Shamba halitakosa mutu."

Mwenyekiti akauliza kama si kashfa tena, katekista kumlimia Msabato. Padri akajibu kutoka nyuma, kwa Kiswahili chake cha Kongo, kwamba yeye amesoma teolojia miaka mingi na hajaona dhambi ya kupalilia maharage. Watu wakacheka, madawati yakalia, na jambo likaisha hivyo. Mzee Bwambale alimshika Papa Anzelmi mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Msidhani mambo yalinyooka kesho yake. Jumatatu iliyofuata mwanafunzi mmoja, mtumikiaji wa altare, mvivu wa kutupwa, alimwendea Mwalimu Gaspari na kumwarifu kwamba naye amekuwa Msabato tangu Ijumaa. Mwalimu Gaspari hakukasirika. Alimpongeza kwa imani, akamwambia kwamba basi na mpira wa Jumamosi mchana ameuacha, maana Sabato inakwisha jua likizama. Kabla ya chakula yule kijana alikuwa amerudi kwa Roma.

Papa Anzelmi alilima kweli. Jumamosi aliifunga cherehani yake, akaja na jembe lake la mpini mrefu, akaingia kwenye mstari wa Mbambu kati ya watoto. Watu wa Butembo wanajua kulima, wanangu. Watoto waliona aibu kuachwa na mzee, wakaongeza mwendo, na kipande cha darasa la saba hakijawahi kuzaa vile. Mbambu naye hakutaka kupewa bure. Jumapili alikwenda nyumbani kwa Papa Anzelmi akakaa na watoto wao wadogo, ili Mama Anzelmi asali Misa nzima bila kutoka nje na mtoto anayelia. Mtihani akaufanya, akafaulu, akaenda chuo cha ualimu. Mwalimu Gaspari, kabla ya kustaafu, aliomba Mbambu aletwe kwetu. Akaja kufundisha hesabu darasa la tano, na kwa wavulana alikuwa mkali kuliko mimi.

Halafu zikaja siku zile za utawala wa wanajeshi mnazosoma vitabuni. Sabuni ikapotea, sukari ikapotea, mshahara ukawa karatasi. Shamba la shule tukagawana walimu, tukalima ili tule. Papa Anzelmi, ambaye sasa alikuwa mzee na mgongo umeanza kupinda, alipewa kipande karibu na stoo ya majembe. Kisha siku moja redio ikatangaza kwamba serikali imepiga marufuku baadhi ya makanisa, na la Wasabato likiwemo. Kanisa lao likafungwa. Wanaosali wakikamatwa, hakuna aliyejua wanapelekwa wapi.

Mbambu aliendelea kufundisha kama kawaida, ila alikonda. Papa Anzelmi alimwona. Alinijia, maana ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi, akaniambia kwamba Jumamosi majembe yote yanakuwa nje, na stoo inakaa tupu bure. Nilielewa ni kwa ajili ya akina nani. Nilimpa ufunguo, na usiku huo sikulala vizuri.

Wakawa wanakuja mmoja mmoja asubuhi, na majembe begani kama wakulima wengine: Mbambu, shangazi yake, Mzee Bwambale siku aliyoweza kushuka, na wengine wachache. Majembe waliyaegemeza nje. Papa Anzelmi alilima mbele ya mlango, na mimi nililima naye, kwa sababu mtu mmoja peke yake angeshangaza watu. Ndani waliimba kwa sauti ya chini sana.

Jumamosi moja gari la jeshi likasimama barabarani. Askari mmoja akashuka, kijana, bunduki imening'inia, akaja moja kwa moja. "Wewe mzee! Kuja hapa. Nani iko ndani?"

Papa Anzelmi alikuwa amewafundisha watoto wa Bwera amri kumi kwa miaka yote ile, na kila mtu alijua hadanganyi. Nilimtazama nikimwomba kwa macho adanganye mara moja tu. Akasimamisha jembe, akajibu, "Mule muko batu banasali, afande."

Askari akatega sikio. Ndani hawakuwa wamemsikia, wimbo uliendelea. Alisimama pale akisikiliza, na nilimwona midomo inatikisika kidogo kufuata wimbo, sijui alikuwa mtoto wa nani na alilelewa wapi. Kisha akatazama gari lake, akatazama majembe yaliyoegemezwa ukutani.

"Mwambie wao apunguze sauti," akasema. Akarudi barabarani, gari likaondoka kuelekea mpakani.

Nilikaa chini kwenye matuta. Nilipopata pumzi nikamwambia Papa Anzelmi aende haraka akawaambie wanyamaze. Yeye akatemea viganja mate, akashika jembe.

"Siendi," akasema. "Mutu akiwa kwa siku yake, hatumukatizi."

Akarudi kwenye mstari wake. Nami nikainuka, nikalima naye mpaka walipomaliza.